Wavu wa Sambaza, Ziwa Kivu

Mji wa Kibuye umekaa kwenye kingo za Ziwa Kivu, upande wa Rwanda, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Milima inateremka hadi majini, ziwa linapenya katikati yake kwa vighuba virefu, na kwenye rasi kuna hoteli zenye baraza za kutazama jua likizama. Wageni kutoka Kigali hufika Ijumaa jioni kupumzika. Wanapoagiza vinywaji, watu wengine chini yao ufukweni ndio kwanza wanaingia kazini. Kazi yao ni kuvua sambaza, dagaa wa Kivu, na sijaona bado kazi ya usiku inayofanywa kwa utulivu kama huu.

Huanza alasiri, kwa wavu. Hutandazwa kwenye majani, na wanaume wawili huketi pembeni yake wakiupitisha mikononi kipande kwa kipande. Macho yake ni madogo, kidole hakipiti. Tundu likionekana, mwenye kisu hukata kwanza nyuzi zote zilizochakaa kulizunguka, hata tundu likazidi kuwa kubwa. Hapo ndipo sindano ya mti iliyozungushiwa uzi huanza safari: jicho, fundo, jicho, fundo, na ukubwa wa kila jicho hupimwa kwa ncha ya kidole gumba. Hakuna anayesema neno. Ingekuwa rahisi kulivuta tundu na kulifunga kwa fundo moja, na kutoka mbali lingeonekana limezibwa. Lakini wavu uliovutwa upande mmoja hukunjamana ukiwa majini, na penye mkunjo ndipo samaki wanapotorokea. Mzee mmoja niliyemtazama alishona kiraka cha ukubwa wa kiganja karibu saa nzima. Alipomaliza aliuinua wavu kuelekea jua, akautazama, kisha akafumua mafundo mawili na kuyafunga upya. Mimi sikuona kasoro yoyote.

Chombo chenyewe ni mitumbwi mitatu ya mbao iliyounganishwa kwa miti ya mikaratusi, mmoja katikati na miwili kando, na nafasi ya maji baina yao. Miti mingine mirefu inatokeza mbele na nyuma ikiwa imeinuka kidogo, kama pembe za panzi. Kwenye ncha za miti hiyo ndiko wavu utakakoning'inia. Kabla ya kuondoka, kiongozi wao, ambaye wote humwita kapita, hupita juu ya miti hiyo peku akikanyaga kila fundo la kamba. Anatafuta ukazaji wa kadiri. Fundo likilegea, mitumbwi itagongana, na likikazwa kupita kiasi, wimbi la upande litavunja mti. Fundo moja halikumridhisha. Alilifungua lote, akalowesha kamba, akaanza upya, huku vijana wakimsubiri na kafi zao mapajani. Mmoja alikuwa anafua maji kwa kopo, naye hakuongeza mwendo wala kuupunguza.

Jua likigusa milima ya Congo ng'ambo ya ziwa, wanaondoka. Wako kama kumi. Mmoja anatoa wimbo kwa Kinyarwanda, wengine wanaitikia, na kafi zote zinaingia majini kwenye kiitikio. Watalii hupenda kuwapiga picha dakika hiyo, na kweli inapendeza, lakini wimbo una kazi yake. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja haina usukani. Upande mmoja ukipiga kafi mapema kidogo, chombo chote huenda mshazari na miti hulia. Wimbo ndio unaoshika njia iliyonyooka.

Samaki wanayemfuata si mzaliwa wa Kivu. Kwao ni Tanganyika, ambako ni mmojawapo wa wale tunaowaita dagaa. Wataalamu humwita Limnothrissa miodon. Alihamishiwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 450, lakini ukipita mita sitini au sabini za juu hakuna oksijeni. Huko chini kumejaa kaboni dioksidi na methani. Samaki wote wanaishi katika tabaka hilo la juu. Nalitaja hili kwa sababu linabadilisha namna ya kuutazama ufundi huu. Kuvua dagaa kwa taa kulikuwapo Tanganyika, lakini ziwa hili, pepo zake, vighuba vyake na desturi za samaki huyu mgeni ndani yake, vyote ilibidi kujifunzwa hapa. Bado wapo wazee waliozaliwa kabla ya sambaza kuletwa. Yote ninayoyaeleza, watu wameyajenga ndani ya umri wa mtu mmoja, na mimi nauheshimu ufundi wa namna hiyo sawa na ule uliorithiwa kwa mababu.

Wakifika mbali na nchi kavu, kafi zinawekwa. Wavu unashushwa ukiwa umefungwa mawe ya kuuzamisha, na kila pembe yake ina kamba inayopita kwenye ncha ya mti hadi mkononi mwa mtu. Kapita anahesabu pima kwa sauti ya chini, na kamba zote zinateremka kwa kipimo kimoja. Pembe moja ikitangulia, anasema "buhoro", polepole, na mkono uliotangulia unasimama mpaka mingine iufikie. Kisha taa zinawashwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri. Mwanga unaingia majini kijani, unafifia kadiri unavyoshuka, na chini yake wavu umelala wazi, hauonekani.

Baada ya hapo hakuna cha kufanya, na hapa ndipo nilipoona tofauti kati yangu na wao. Vijidudu hufuata mwanga, na sambaza huvifuata vijidudu, lakini vyote kwa wakati wao. Watu hawa wanakaa bila kutingisha mbao. Mmoja anajifunika kanga, mwingine anatafuna muhindi wa kuchoma uliokwisha poa. Kapita anaangalia maji tu. Mara vinaanza kuonekana vimulimuli vya fedha pembezoni mwa mwanga, vinakuja, vinarudi. Mimi ningevuta wavu papo hapo. Yeye hakugeuza hata kichwa. Vimulimuli vikawa kundi, kundi likaanza kuzunguka taa kuelekea upande mmoja, naye bado ametulia. Mpaka samaki walipopanda hata wakaanza kutibua maji juu, ndipo alipoinua mkono.

Wakavuta wote pamoja, bila wimbo safari hii, kwa mluzi mfupi unaorudiwa. Kamba zilipanda pima kwa pima, na mimi nilitazama pembe nne tu: zilifika juu kwa wakati mmoja, sawasawa kabisa. Katikati ya wavu uzito mweupe ulikuwa ukitapatapa kwa sauti ya mvua ya rasharasha. Wakaukusanya kutoka kando kuja ndani mpaka samaki wakawa fungu moja, wakawachota kwa ndoo hadi mtumbwi wa katikati. Kila sambaza si mrefu kuliko kidole. Wavu ukaoshwa, ukakaguliwa kwa tochi, ukashushwa tena. Hufanya hivyo mara kadhaa hadi karibu na alfajiri. Usiku wenye samaki wachache hufanywa kwa uangalifu uleule. Hawana mwendo mwingine.

Asubuhi wanawake huwasubiri ufukweni na mabeseni. Bei hukubaliwa upesi, maana sambaza hawangoji jua. Wengine huanikwa kwenye chanja za wavu, wengine hupanda mlima vichwani hadi jikoni mwa hoteli, ambako hukaangwa mpaka wakauke na kuletwa mezani na limau na pilipili.

Ukifika Kibuye, uliza kwanza habari za mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu na wengi hupumzika. Nenda wakati wa giza. Uliza pia kama ziwa limefungwa, kwani kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Agosti, uvuvi husimamishwa kama miezi miwili ili samaki wazaliane. Na ukiwakuta kazini, usiishie kuwapiga picha wakiondoka. Nenda alasiri, uwaamkie, ukae karibu na yule anayeshona wavu, na umwache amalize.