Alichorudi nacho Ntiro Makerere

Simama njia panda ya Himo alfajiri, kabla mawingu hayajaufunga mlima Kilimanjaro, utazame kaskazini. Chini kuna mabanda na mashamba ya mahindi, juu yake migomba ya Marangu, juu yake msitu, halafu Mawenzi na Kibo. Jicho halisomi karibu na mbali. Linasoma chini na juu. Naamini hapo ndipo pa kuanzia mtu anayetaka kuelewa picha za mchoraji Sam Ntiro, na kwa nini kurudi kwake Chuo cha Makerere kulizaa matunda.

Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasomea sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha barazani kwake mwishoni mwa miaka ya 1930. Trowell hakuwawekea wanafunzi chungu mezani ili wakinakili. Aliwasimulia tukio, kisha akawaacha wachore walichokiona kichwani. Ntiro alipohitimu alibaki kufundisha hapohapo. Mwaka 1952 akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, ambako wakati huo mwanafunzi alifunzwa kuchora kwa kumkazia macho mtu aliyekaa mbele yake. Kisha akarudi Makerere.

Wahitimu wengi hurudi vyuoni mwao na hotuba ya saa moja. Ntiro alirudi na turubai. Mwanafunzi aliyetaka kujua kama London ilikuwa imemgeuza mwalimu wake hakuhitaji kuuliza, aliangalia tu.

Chukua picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ni ndogo, upana wake kama nusu mita, na tangu mwaka 1960 ni mali ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Kwa kawaida Ntiro aliwachora watu wakiwa wadogo, sura zao hazichambuliwi, na mtazamaji huwekwa juu kidogo, kama aliyesimama kwenye kihamba, shamba la migomba, cha jirani akichungulia bondeni. Cha mbali hakipunguzwi sana, kinapandishwa. Walimu wa kanuni za umbali wangeliita hilo kosa. Mimi naliona ni uamuzi, tena sahihi kwa jambo lenyewe. Mbege, ndiyo pombe hiyo ya ndizi, huanza kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa siku kadhaa, kisha huja kimea cha ulezi. Ni kazi ya mikono mingi hata kabla haijabebwa. Ukimchora mbebaji mmoja kwa ukubwa, na uso wake wote, umepata picha ya mtu. Ntiro alitaka picha ya msafara.

Hilo ndilo somo alilorudi nalo: mwanafunzi anaweza kujifunza ufundi wa Slade wote na bado akachagua jicho la kwao. Somo hilo haliingii kwa maneno. Linaingia mwanafunzi anapomwona mtu aliyekwenda akarudi, amesimama mbele ya kazi yake, bado anachora migomba kwa kumbukumbu. Mwaka 1961 Ntiro aliondoka tena kwenda London, safari hii akiwa balozi wa Tanganyika.

Mchoraji mwingine wa Kilimanjaro, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alisoma Makerere miaka hiyohiyo ya 1950. Kwake mafunzo hayo yalizaa msimamo mkali: kuiga ni dhambi ya msanii, na alilisema hilo kwa miaka mingi. Baadaye, miaka ya 1960, alianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi, na Kibo Art Gallery kwao Marangu, juu tu ya Himo, ili kijana wa mlimani asilazimike kuvuka mpaka kuona picha ya mtu wa kwao.

Lakini jaribio lake kubwa lilikuwa mwaka 1959, kwenye kuta za kanisa la Mtakatifu James, Murang'a: michoro mitano ya maisha ya Yesu. Zoezi ni lilelile la barazani kwa Trowell, yaani sikia kisa, kione kichwani, chora. Njau alisikia Injili, akamchora Mariamu amejifungulia kwenye nyumba ya Wakikuyu, akayazungushia yote vilima vya Murang'a. Migomba ya Ntiro aliiacha Kilimanjaro.