Anayekijua Kifaa

Kila kifaa kina watu wake watatu: aliyekiunda, aliyekinunua na anayekifufua. Wa kwanza yuko mbali, Shenzhen au Seoul, na hatatujua maishani. Wa pili ni mimi na wewe, tunaotelezesha kidole juu ya kioo bila habari ya kilichomo ndani. Wa tatu amejiinamia mezani Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, au kwenye kibanda cha stendi ya mji wowote mdogo, taa ikimmulika mikononi. Huyo ndiye anayekijua kifaa kuliko sisi wote. Mitaani tunamwita fundi simu, tunamlipa, tunaondoka. Nadhani anastahili zaidi ya hapo.

Kazi yake huanzia masikioni. Mteja akilalamika kwamba simu imezima, fundi mzuri haikimbilii bisibisi. Anauliza: Ilizima ghafla, au ilikuwa inapata moto kwanza? Ilianguka? Iliingia maji? Uliichaji kwa chaja gani? Nani aliwahi kuifungua? Swali la mwisho analiuliza kwa upole, ila ndilo analolipa uzito, kwa sababu mkono uliotangulia huweza kuacha hitilafu ambayo kiwanda hakikuiweka. Baada ya hapo huondoa betri, huiunganisha bodi na chombo cha kutoa umeme, kisha hutazama tarakimu za ampea. Simu nzima ikiwashwa, tarakimu hupanda kwa hatua kadiri kila sehemu inavyoamka. Iliyopiga shoti huruka juu papo hapo. Sisi tunaona namba zinachezacheza. Yeye anajua aanzie wapi.

Kuitafuta shoti yenyewe ni elimu inayojitegemea. Kwenye bodi kuna mamia ya kapasita, nyingine zenye urefu wa milimita 0.6 na upana wa 0.3, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Ikipiga shoti moja tu, simu nzima inaweza kulala. Fundi huchukua utomvu mkavu wa msonobari, uleule unaosaidia lehemu kushika, akaugusisha kwenye ncha ya pasi ya kulehemu. Moshi wake unaipaka bodi ukungu mweupe. Kisha anapitisha umeme mdogo kwenye njia yenye shoti. Kapasita iliyokufa inapata moto, ukungu juu yake unayeyuka, na inabaki peke yake wazi katikati ya weupe. Anaitoa kwa kibanio. Mara nyingi simu inawaka bila hata kuwekewa nyingine, kwa kuwa kwenye njia hiyo zipo kapasita kadhaa zinazosaidiana kazi moja. Anayejua kipi kinaweza kukosekana bila madhara, na kipi hakiwezi, ameielewa ramani ya bodi kikwelikweli.

Halafu kuna moto. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia madini ya risasi katika vifaa vingi vya umeme, viwanda vya simu vimehamia lehemu ya bati, fedha na shaba, inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi. Ile ya zamani, ya bati na risasi, huyeyuka kwenye 183. Fundi anayetaka kung'oa chipu ngumu huichanganya kwanza lehemu ya kiwandani na ile ya zamani kila anapoweza kuifikia, ili iyeyuke mapema na vipande vya jirani visiungue. Ndipo anapuliza hewa ya moto, akiizungusha bila kutulia mahali pamoja, huku akingoja ishara moja: chipu ikiguswa kidogo, inasogea kisha inarudi yenyewe mahali pake. Akiivuta kabla ya ishara hiyo, ataondoka na njia za shaba. Akichelewa, ataichoma. Hakuna mashine inayomwambia "sasa!" Ni jicho, mkono na mazoea.

Kwa sisi wa pwani, fundi ni tabibu wa maji ya chumvi pia. Watu bado wanaizika simu iliyolowa kwenye mchele, kisha wanangoja siku mbili. Mchele haufiki chini ya chipu. Chumvi iliyobaki na umeme wa betri vinaendelea kuila shaba hadi kuota kutu ya kijani, na siku hizo mbili ndizo zinazoiua simu. Fundi atakwambia: izime, usiichaji, ilete leo. Ataifungua, ataisugua kwa mswaki laini na spiriti, ataikausha, kisha ataipima njia moja baada ya nyingine.

Wapenzi wa gemu tuna deni la pekee kwake. Mchezaji wako akianza kutembea uwanjani bila wewe kugusa kitu, pedi imechoka. Chini ya kila kijiti cha kuchezea kuna vipimio viwili vyenye utepe wa kaboni, na ulimi mdogo wa chuma unaosugua utepe huo kila unapokisukuma. Kwenye vibanda vya gemu, pedi moja hupita mikononi mwa vijana kutwa nzima. Kaboni inalika, na pedi inaanza kutuma habari za uongo. Kukibadilisha kijiti mara nyingi kunahitaji kuachisha pointi 14 za lehemu bila kuumiza bodi. Fundi hulifanya hilo, halafu anachomeka pedi, anacheza dakika mbili kwa uso wa mtu anayesikiliza, na kuitoa. Jioni ile vijana wanarudi kwenye mechi yao, na mwenye kibanda anapata riziki yake.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba maarifa haya yamepatikana mlango ukiwa umefungwa. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ungeweza kuitoa betri kwa kidole gumba. Simu za leo zimebandikwa kwa gundi, na skrubu za iPhone zina umbo linalohitaji bisibisi yake maalumu. Ulaya yenyewe imeona tatizo: sheria yake ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Mafundi wetu hawakungoja sheria. Walitafuta michoro, wakafungua simu mbovu kujifunzia, wakafundishana benchi kwa benchi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mafundi hawa wameuishi msemo huo.

Juu ya yote kuna amana. Simu ni pochi, benki, albamu na barua za siri. Unamkabidhi fundi ikiwa haina ulinzi, pengine na neno la siri umemwandikia kwenye kikaratasi. Fundi mwaminifu hufungua kile tu anachohitaji kukijaribu: kamera, spika, mtandao. Hukuonyesha kipande alichokitoa, na hukwambia kama spea aliyoweka ni halisi au ni kopi. Mkono hodari usio na uaminifu huo haujafika kwenye ufundi.

Tunapozungumzia teknolojia katika nchi zetu, tunataja minara, programu na vijana wa kampuni changa. Fundi simu hatajwi, ilhali ndiye anayeifanya simu ya mwaka 2018 iendelee kutuma ada ya mtoto leo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mafundi hawa wautumie kwa wingi, na walipwe kama watu wanaojua, maana wanajua. Nasi tunaofika mezani kwao tuache kuhesabu dakika walizotumia. Dakika kumi za kuondoa kapasita moja zimebeba miaka ya kujifunza ni ipi ya kuondoa, na bei yake ni halali.