Abembelezwe na Nani?

Katika masomo yangu ya uzamili nimesoma karatasi moja ya hospitali mara nyingi kuliko riwaya yoyote. Ni jedwali la Finnegan, lililochapishwa Marekani mwaka 1975 na daktari Loretta Finnegan na wenzake, kwa ajili ya watoto wachanga wenye arosto: wale ambao mama zao walitumia heroini, methadoni au dawa nyingine za jamii ya afyuni wakiwa wajawazito. Kitovu kikikatwa, na dawa inakatika.

Nalisoma kama maandishi mengine yoyote. Kila baada ya saa chache muuguzi anahesabu dalili: kilio kikali, kutetemeka, miayo, chafya, kuharisha, homa. Kila dalili ina alama. Katika hospitali nyingi, jumla ikifika nane mara tatu mfululizo, mtoto huanzishiwa mofini. Jedwali lilileta utaratibu mahali pa kukisia, na hilo tusilibeze. Lakini mhusika wake ni mmoja, naye yuko peke yake. Mama hayumo.

Mrithi wake, aliyezaliwa Yale, anauliza mambo matatu tu. Mtoto anakula vizuri? Analala walau saa moja? Akibembelezwa, anatulia ndani ya dakika kumi? Jibu likiwa hapana, kwanza hupunguzwa taa na kelele, mtoto huviringishwa shuka, huwekwa kifuani, hunyonyeshwa. Mofini husubiri. Utafiti wa hospitali 26 za Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa waliohitaji dawa walikuwa asilimia 19.5, dhidi ya 52 kwa utaratibu wa zamani. Walikuwa tayari kwenda nyumbani baada ya siku 8.2, si 14.9.

Nayapenda maandishi haya mapya, ila nina ugomvi na kitenzi kimoja. "Kubembelezwa" ni kauli ya kutendwa, na msomaji wa Kiswahili lazima aulize: na nani? Fomu hurekodi mlezi alikuwepo kwa muda gani, lakini haisemi kwa nini hakuwepo. Huenda mama amerudi kazini. Huenda maofisa wa ustawi wa watoto wamemzuia. Huenda anayaogopa macho ya wanaomwita teja. Na muuguzi wa usiku ana watoto wengine wanaolia.

Kama kifua cha mama ni dawa, basi kitanda chake kando ya mtoto, nauli yake na heshima anayopewa wodini ni sehemu ya dozi. Hospitali inayoipokea fomu hii bila hivyo vitatu imenunua cheti cha dawa, ikaiacha dawa dukani.