Mahali pa Kila Baiti

Mto Nyamwamba unateremka kutoka Rwenzori, unapita Kilembe, kisha unaingia mji wa Kasese ukielekea Ziwa George. Mei 2013 ulifurika na kubomoa. Mei 2020 ulifurika tena, safari hii pamoja na mito mingine ya wilaya ya Kasese, ukiwemo Lhubiriha unaopita mpakani Mpondwe, jirani kabisa na Bwera. Anayeishi kando ya mito hii na anajua elektroniki kidogo lazima siku moja awazie kifaa cha kuonya: kipimo cha kina cha maji, paneli ya jua, betri, king'ora, kioo cha kuonyeshea maneno, na chipu moja ya kuviongoza vyote. Tuseme chipu hiyo ni ATmega328P, ileile iliyo kwenye ubao wa Arduino Uno. Nimekichagua kifaa hiki kwa sababu kinaonyesha wazi kazi ninayoistahi sana katika ufundi wa kompyuta, yaani kupanga data za kudumu ndani ya programu kwa kutumia asembla.

Asembla ni programu inayogeuza maagizo yaliyoandikwa na mtu kwa vifupisho kuwa namba ambazo prosesa inazielewa. Data za kudumu ni zile ambazo programu inazisoma bila kuzibadilisha. Kwenye kifaa chetu ni maneno ya onyo, jedwali la kugeuza kipimo kuwa sentimita, na kiwango cha hatari. Zikiwa kwenye karatasi, zote zinafanana. Ndani ya chipu kila moja inahitaji makao yake, na asembla haimchagulii mwandishi. Mwandishi anaamua, nayo inatekeleza kwa uaminifu usioyumba.

Chipu hii ina kumbukumbu za aina tatu. Flashi, yenye baiti 32,768, hubeba programu na haisahau umeme ukikatika. RAM ni baiti 2,048 tu, na umeme ukienda kila kilichomo kinapotea. EEPROM ina baiti 1,024. Hiyo nayo haisahau, na programu inaweza kuiandika upya wakati inaendelea na kazi. Asembla ya Atmel ina elekezo moja kwa kila kumbukumbu: .cseg kwa flashi, .dseg kwa RAM, .eseg kwa EEPROM.

Sasa tupige hesabu. Maonyo kumi katika lugha tatu, Lhukonzo, Kiswahili na Kiingereza, ni matini thelathini. Kila moja ikiwa na herufi 60 na baiti moja ya sufuri ya kufungia, jumla ni baiti 1,830. Ukizipakia RAM, zinabaki baiti 218 za kila kitu kingine: vipimo vya dakika hii, hesabu za katikati, na steki ambamo prosesa huweka anwani za kurudi. Programu ya namna hiyo inaweza kukimbia vizuri mezani wiki nzima, kisha ikaanguka usiku ambao maji yanapanda na kazi zote zinaitishwa kwa pamoja. Maneno yaleyale yakikaa flashi, hayafiki asilimia 6 ya nafasi yake.

Wanaoandika kwa lugha ya C hukutana na tatizo hili bila kuliona. Kwenye chipu hii kompaila ya GCC, isipoambiwa vingine, huyahifadhi maneno ya kudumu flashi kisha huyanakili RAM kila kifaa kinapowashwa. Nafasi inalipwa mara mbili. Hilo linatokana na umbo la chipu yenyewe: waliobuni AVR, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, wakiwa wanafunzi Trondheim nchini Norwei, walitenga njia ya maagizo na njia ya data. Mtindo huo una jina la mashine ya Harvard Mark I ya mwaka 1944, iliyosoma maagizo yake kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa huku namba zikikaa kwenye magurudumu. Kwa hiyo agizo la kawaida la kusoma data haliwezi kuifikia flashi. Kuna agizo lake maalumu, LPM, nalo huchukua mizunguko mitatu ya saa ya prosesa. Mwandishi wa asembla hana namna ya kulisahau hilo, maana LPM anaiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi asembla inavyohesabu. Ni kama mtunza ghala wa Mpondwe mwenye madaftari matatu, moja la kahawa, moja la chumvi ya Katwe na moja la vitenge, ambaye hata bidhaa zikimfikia zimechanganyika, kila gunia analiandika kwenye daftari lake pale alipoachia mara ya mwisho. Unaandika maagizo matano, unahamia .dseg kutenga baiti mbili za kipimo, unarudi .cseg kuweka onyo. Asembla inaendelea na hesabu ya flashi kana kwamba hukuondoka. Inalisoma faili lako lote mara mbili. Mara ya kwanza inapima kila kitu na kukariri anwani ya kila lebo, yaani jina la mahali, mara ya pili inazijaza anwani hizo mahali zilipotajwa. Ndiyo maana unaweza kulitaja onyo ambalo hujaliandika bado. Na ukijaribu kuweka maneno tayari ndani ya .dseg, inakataa. Ina haki ya kukataa, kwani umeme ukikatika hakuna pa kuyahifadhi.

Tuandike onyo moja kwenye .cseg:

onyo: .db "MAJI YANAPANDA", 0

Herufi ni 14 pamoja na nafasi ya katikati, sufuri ya kufungia ni ya 15. Lakini kumbukumbu ya maagizo hupangwa kwa maneno ya baiti mbilimbili, kwa hiyo asembla inaongeza baiti moja ya sufuri kufikisha 16, na inakuonya kwamba imefanya hivyo. Tena lebo hii inahesabiwa kwa maneno, hali LPM inahesabu kwa baiti. Mwandishi lazima azidishe anwani mara mbili kabla ya kuipakia kwenye jozi ya rejista, vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa, iitwayo Z. Akisahau, kioo kitaonyesha takataka.

Halafu kuna suala la jirani. Flashi haina alama ya kusema hapa maagizo yameisha na hapa maneno yameanza. Ukiliweka onyo lako katikati ya njia, prosesa italitekeleza. Herufi M na A, zikisomwa kama agizo, maana yake ni kuondoa 29 kutoka rejista r20 pamoja na kilichokopwa. J na I zinaondoa 154 kutoka rejista hiyohiyo. Nimeyapitia yote: MAJI YANAPANDA ni mapunguzo saba, na sufuri mbili za mwisho ni NOP, agizo la kupisha tu, kisha prosesa inasonga mbele kwa chochote kinachofuata. Haitoi kosa lolote. Kwa hiyo maneno huwekwa nyuma ya mzunguko usiokwisha au baada ya agizo la kurudi, pale ambapo njia ya prosesa haifiki kamwe. Ni uamuzi wa mstari mmoja, na usalama wa kifaa kizima umeuegemea.

Jedwali la sentimita ndilo linaloonyesha mkono wa fundi. Lina baiti 256, moja kwa kila kipimo kuanzia 0 hadi 255. Njia ya kawaida ya kulisoma ni kuchukua anwani ya mwanzo, kujumlisha kipimo, kisha kujumlisha kilichobebwa kwenye nusu ya juu ya anwani. Fundi mzoefu huandika kwanza elekezo la anwani, .org 0x1000, nalo huhesabiwa kwa maneno, ili jedwali lianzie baiti ya 8,192, anwani inayogawanyika kwa 256 bila baki. Nusu ya chini ya anwani sasa ni sufuri, kwa hiyo kipimo chenyewe kinawekwa pale na kuwa nusu ya chini. Hakuna cha kujumlisha. Mahali pamefanya kazi ya hesabu, na huo kwangu ndio uzuri kamili wa ufundi huu.

Baadhi ya data za kudumu hazina sehemu kabisa. Namba ndogo huingia ndani ya agizo lenyewe: LDI, agizo la kupakia namba kwenye rejista, ina biti 16, nne zikitaja agizo, nane zikibeba namba, nne zikichagua rejista. Kwa kuwa nne zinatosha rejista kumi na sita tu, LDI hufika r16 hadi r31 na si zaidi. Na jina lililopewa namba kwa elekezo la .equ linaishi ndani ya asembla peke yake. Halichukui hata baiti.

Kinabaki kiwango cha hatari. Kwa .equ kingekuwa rahisi, lakini kina cha kuogopwa Kilembe, ambako maji hushuka na mawe kwa kasi, hakiwezi kuwa sawa na cha Mpondwe. Kingeandikwa ndani ya maagizo, kila daraja lingehitaji programu yake. Kwa hiyo kinawekwa .eseg, baiti mbili tu. EEPROM inavumilia kuandikwa mara 100,000, flashi mara 10,000. Programu ileile, bila kuguswa hata herufi, inafungwa kwenye daraja la Nyamwamba na kwenye daraja la Lhubiriha, na wanaoujua kila mto ndio wanaosema ni sentimita ngapi ziandikwe pale.