Kondoo Mwenye Masikio Manne

Maoni mengi yaliyotolewa kuhusu kondoo wa Ghent ni ya kejeli tupu. Ati mafundi wamemharibu! Mimi nasema hapana, ila inabidi nieleze.

Mchoro huo wa ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, ulikamilika mwaka 1432, nao umo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo, Ubelgiji. Mwanakondoo amesimama juu ya altare, damu ikimchuruzika kifuani hadi kikombeni. Katikati ya karne ya 16 wachoraji wengine walipaka rangi juu yake, wakampa uso wa kondoo wa kawaida. Matengenezo ya 1950 na 1951 yakaondoa sehemu tu ya rangi hiyo: masikio ya awali yakachomoza, na yale ya baadaye yakabaki. Jamani, masikio manne! Akakaa hivyo mpaka kazi iliyoanza mwaka 2012. Eksirei na vipimo vya madini yaliyomo katika rangi vilifichua mistari ya asili, ndipo mafundi wakakwangua kwa visu vidogo huku wakitazama kwa hadubini. Uso uliotokea unakukazia macho, karibu kama mtu.

Kule Geita mchimbaji mdogo akishuka duarani, kifusi hutupwa na mawe ya dhahabu huenda karasha. Nilitaka kuutumia mfano huo, nikaona unapwaya. Rangi ya karne ya 16 si kifusi. Nayo ni uhakiki, wa mtu aliyeona kwamba mnyama wa kafara hafai kutazama hivyo.

Na sisi tuliochunga Shinyanga tunajua kwamba macho ya kondoo yako pembeni mwa kichwa. Msanii aliyechora nyasi na vito kwa uangalifu ule angeshindwaje na kondoo? Hakukosea bwana. Alitaka anayechinjwa amtazame anayesali. Hapo ndipo fani na maudhui, tunavyovitenganisha darasani kwa raha zetu, vinapotugomea: yasogeze macho pembeni, na kafara inabaki mfugo.

Kwa hiyo naunga mkono kukwangua. Lakini watu waliusali mbele ya uso ule mwingine kwa zaidi ya miaka 400, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya kazi. Picha zake zipo. Mwalimu anayefundisha mchoro huu aanze nazo, kisha ndipo aonyeshe uso wa 1432.