Snay bin Amir wa Kaze: Jinsi Habari Zake Zilivyoandikwa

Wasomaji wa vitabu vya njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo ikapita Ugogo na Unyanyembe hata Ujiji, kwa kawaida hutafuta habari za wapitaji. Lakini wako pia watu waliokuja wakakaa. Walijenga tembe, wakachimba visima, wakapanda michungwa na ngano, wakaoa, wakazeeka katika nchi isiyo yao. Mmoja wao ni Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi. Alianza maisha yake Maskati kwa kuuza halua, akaja bara, akawa tajiri wa pembe na watumwa. Alikaa Kaze, karibu na ulipo mji wa Tabora leo, na mwaka 1861 aliuawa katika vita ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliyoiwasha.

Habari zake zatujia hasa kwa Waingereza wawili. Wa kwanza ni Burton, aliyechapisha kitabu chake cha maziwa ya Afrika ya kati mwaka 1860. Wa pili ni Speke, aliyeandika mwaka 1863. Yapasa kuweka karibu nao kitabu cha tatu, kilichoandikwa kwa Kiswahili, yaani Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, kwa kuwa baba yake alikuwa mkazi wa Unyanyembe katika miaka hiyo hiyo, naye aeleza vita ile ile. Walimu wengi huwapa wanafunzi vitabu hivi kana kwamba vyote vina uzito mmoja. Sivyo.

Tuanze na Burton, kwa kuwa yeye ndiye fundi wa maneno kupita wote. Alifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari toka pwani, naye ni mgonjwa, na wapagazi wake wakatawanyika kwenda makwao. Snay akampokea, akampa nyumba, akamtunzia mali yake, akamtafutia wapagazi wengine. Jioni walizungumza kwa Kiarabu, nacho Burton alikijua sana. Amchora mwenyeji wake mrefu, mwembamba, macho yamezama, na akili ya kukumbuka kila kitu. Habari za Karagwe na za Kabaka Suna, ambaye Snay alimwendea mwaka 1852, Burton alizipata kinywani mwake. Kurasa hizo ni nzuri, na mtu akizisoma ampenda Snay.

Hapo ndipo ulipo mtego wake. Burton asema kwamba mahali pale palikuwa ukiwa, na Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, pamoja na Snay wakajenga nyumba, wakachimba visima, wakageuza pori kuwa mji. Msomaji apewa picha ya watu wawili wenye majembe mikononi. Wahenga wetu walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Snay alilipokea jembe, lakini akalitia mikononi mwa watumwa. Nani alichimba visima vile? Nani alimwagilia maji bustani zile za vitunguu na mipapai? Burton mwenyewe ataja makundi ya watumwa na masuria katika tembe za Waarabu, ila awataja kama atajavyo zulia na sahani, kuonyesha raha ya nyumba. Tena nchi haikuwa haina mwenyewe. Ilikuwa nchi ya mtemi Fundikira, na mgeni alikaa kwa ridhaa yake. Haya Burton ayajua, lakini hayaingii katika sifa zake. Mtu aliyelishwa huandika vizuri juu ya mkono uliomlisha. Jambo hili si dhambi, ila mwalimu hana budi kuliona.

Fundikira alikufa mwaka 1858, akafuata Mnywa Sere. Hapa Burton anyamaza, kwa kuwa amekwisha kuondoka, na Speke ashika kalamu.

Kwa uandishi Speke ni duni. Mambo yake yamechanganyika, majina ameyaandika ovyo, na mara nyingi ajisifu. Kiarabu hakukijua, maneno yake na watu yalipita kwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye alisema naye Kihindustani. Hata hivyo huyu mwandishi duni afanya jambo ambalo yule fundi hakulifanya. Mwaka 1861, kabla hajafika Kaze, alikutana njiani na Mnywa Sere, aliyekuwa amekwisha kufukuzwa katika kiti chake, akamwacha aseme shauri lake. Mtemi asema aliweka ushuru juu ya mali iingiayo nchini mwake, Waarabu wakakataa, kisha wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Asema pia kwamba Musa hakupenda vita hiyo. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtemi, yakaingia Kihindustani, yakatokea Kiingereza, na bila shaka yalipoteza mengi njiani. Lakini hoja yenyewe haikupotea: je, mgeni aliyepewa mahali pa kukaa aweza kumchagulia mwenyeji wake mtawala?

Kisha Speke afika Kaze, na Snay yu hai bado, amejaa maneno ya vita. Muda si mrefu aenda Ugogo pamoja na wenzake kumfuata Mnywa Sere. Walishinda kwanza, watu wao wakatawanyika kuteka nyara, adui wakarudi. Snay alikuwa mzee, hakuweza kukimbia tena. Speke asimulia kwamba alimwambia mtumwa wake ajiokoe mwenyewe, naye akabaki pale akauawa. Ni mistari michache tu, haina mapambo, na mimi naiona bora kuliko picha yote ya Burton. Kwa mara ya kwanza twamwona Snay na mtumwa wake wakiwa watu wawili, si tajiri na mali yake. Musa Mzuri naye alikufa mwaka huo huo, hata waanzilishi wote wawili wa Kaze wakatoweka pamoja.

Sasa kitabu cha Kiswahili. Tippu Tip aliandika habari zake kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mdachi aliyekuwa Unguja, akazigeuza katika herufi za Kirumi na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye Whiteley alizitoa tena, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, katika miaka ya 1958 na 1959. Kwa mwalimu wa lugha kitabu hiki ni hazina. Ni Kiswahili cha mtu aliyezaliwa Unguja, hakikupita katika tafsiri ya mtu yeyote. Sentensi zake ni fupi, nazo zaendeshwa na -ka-: tukaenda, tukalala, tukapigana. Wakati huo wa -ka- ni mwendo wa msafara wenyewe, mguu baada ya mguu, nao hausimami kutazama shamba wala kisima. Kwa hiyo mtu atafutaye humo maisha ya mkulima mhamiaji atapata kidogo, ingawa baba wa mwandishi alikuwa na mashamba huko Ituru, karibu na Tabora.

Juu ya vita, Tippu Tip haanzi na ushuru. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa amemwoa Karunde, binti Fundikira, na chanzo cha ugomvi anachokieleza mwana ni kuuawa kwa Nyaso, mama yake Karunde, kwa amri ya Mnywa Sere. Wengine husema habari hii yampinga Speke, hivyo mmoja wao amesema uongo. Mimi sioni hivyo. Mtemi asema juu ya haki ya nchi, na mwana wa mkazi asema juu ya damu ya wakwe. Katika desturi za Unyamwezi mambo haya mawili hayakuwa mbali, kwa kuwa mgeni aliyeoa nyumbani kwa mtemi alijiona ana neno katika urithi wa kiti. Ndoa ile ilimpa Muhammed nguvu nchini, na nguvu ile ile ikamwingiza vitani. Ila ushuru Tippu Tip ameuacha nje, nao ndio uliogusa mifuko ya watu wake. Mwanafunzi akisoma Maisha peke yake, atadhani Waarabu walipigana kwa ajili ya mwanamke mzee aliyeuawa tu.

Kwa hiyo nawashauri walimu wasome darasani kurasa za Tippu Tip za vita hii, kwa ajili ya lugha yake, na siku ya pili wawaeleze wanafunzi shauri la Mnywa Sere lilivyo katika Speke. Kisha wawaulize ni nani hajasema. Katika vitabu vyote vitatu hakuna hata mtumwa mmoja wa Kaze aelezaye mwenyewe jinsi shamba lilivyolimwa.

Mnywa Sere alizunguka porini miaka minne zaidi, hata Mirambo akamwua mwaka 1865. Mkasiwa alikaa katika kiti hadi alipokufa mwaka 1876, akafuatwa na Isike, ambaye naye aligombana na wageni wengine, Wadachi, akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893.