Dua Katika Mizani

Mwaka 1872 mwanasayansi Mwingereza, Francis Galton, alichapisha katika Fortnightly Review insha iliyowaudhi wachamungu wengi. Alitaka kujua kama dua huleta jambo liombwalo, wala hakuwauliza maaskofu, aliuliza hesabu. Wafalme, asema, ndio waombewao maisha marefu kuliko watu wote. Basi na waishi kuliko wote. Akachukua hesabu iliyokwisha kufanywa na mwingine ya umri wa watu 97 wa nyumba za kifalme, isiyowahesabu waliouawa au kufa kwa ajali, akakuta wastani wao ni miaka 64 tu, chini ya makasisi, mawakili, madaktari na wafanyabiashara.

Insha ina kejeli, lakini ni ya haki. Adaiye kwamba dua huongeza miaka asikasirike miaka ikihesabiwa. Ufa wake uko kwingine: Galton aiweka sala isomwayo kanisani kwa desturi katika daraja moja na kilio cha mama usiku juu ya mwanawe mgonjwa. Mshairi yeyote angemwambia kwamba maneno yaleyale si lazima yawe usemi uleule.

Mwaka 2006 Wamarekani walitoa matokeo ya jaribio kubwa: wagonjwa 1,802 waliopasuliwa ili kurekebishiwa mishipa ya moyo, katika hospitali sita. Kati ya walioombewa bila kujua kwa yakini, 52 kwa mia walipata matatizo baada ya kupasuliwa. Kati ya wasioombewa, 51. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa walifika 59! Lakini hao “wasioombewa” ni akina nani? Jamaa zao hawakukatazwa kuomba, wala nani angeweza kuwakataza? Kwetu, mgonjwa halazwi kabla nyumba nzima haijainua mikono.

Tena, maji yakichemshwa hayana hiari. Aombwaye, kwa itikadi ya waombao wenyewe, aweza kukataa, na mwenye kukataa hapimwi kama maji. Kwa hiyo mwalimu asiyeamini asiwaambie vijana kwamba jaribio hilo limemkanusha Mungu. Wala aaminiye asilete darasani, kesho, jaribio dogo lililompendeza na kuliita ushahidi: ameikataa mizani ilipomhukumu, aikatae pia imsifupo. Huyu wa pili ndiye nimsikiaye mara nyingi zaidi.

Karibu na mwisho, Galton akiri kwamba sala huweza kuipa nafsi faraja. Ningependa wanafunzi waanze kuisoma insha hiyo kutoka hapo.